Kinini ya mutu inaweza kuua imbwa yako

Wandugu na wadada wa koperative, kisha mavuno ya mahindi, mwanamemba mumoja wa hapa Kamatanda alinipigia simu: imbwa yake, ile inachunga gala usiku, inakataa kula. Nikamuuliza ilianza namna gani. Akasema kamyo iliigonga ku barabara, muguu wa nyuma ukavimba, naye kwa huruma akanunua ibuprofeni ya miligramu 400 ku famasi. Alikuwa anaficha kinini moja mu bukari asubuhi na ingine magaribi. Siku mbili za kwanza imbwa ilitembea muzuri, watoto wakafurahi.

Nilimuambia angoje mupaka kesho. Nilikosea. Usiku ule imbwa ikatapika kitu kama kawa ya kusaga, na mavi yake ikakuwa nyeusi sawa lami. Ile yote ilikuwa damu ya tumbo. Ilikufa mbele munganga wa nyama afike.

Sasa, namna gani dawa yenye sisi tunameza kila wakati inaua imbwa? Mwili ukiumia, unatengeneza vitu vyenye kuitwa prostaglandini. Vyenyewe ndivyo vinaleta maumivu na kuvimba, na dawa kama ibuprofeni na diklofenaki inavizuia. Lakini vitu vya namna ileile vinakingia ngozi ya ndani ya tumbo juu asidi isiichome, na vinasaidia damu kufika ku figo. Dawa ikizuia, inazuia vyote, vibaya na vizuri. Tena mu imbwa ibuprofeni inatoka na nyongo, inaingia mu matumbo, kisha inarudi mu damu, inazunguka vile. Haiishe haraka.

Na kipimo je? Mutu wa kilo 60 akimeza miligramu 400, anapata karibu 7 kwa kila kilo. Imbwa ya kilo 15 inapata karibu 27. Na vidonda vya tumbo vimeonekana mu imbwa zenye zilipata miligramu 8 tu kwa kilo, kila siku, kwa mwezi moja. Kukata kinini nusu hakutengeneze kitu.

Hatari inazidi kama imbwa imefungwa ku kamba bila maji, na mu wakati wa jua kali tunasahau ile kila siku. Figo zinakauka haraka. Inazidi zaidi kama mutu amechanganya na deksametazoni, ile "deksa" yenye kuuzwa fasi yote: zile mbili pamoja zinaweza kutoboa tumbo. Parasetamoli haiko ya jamaa moja na ibuprofeni, lakini ikizidi inaharibu maini ya imbwa, na kwa paka kinini moja ya miligramu 500 inatosha kuiua.

Dawa za maumivu za imbwa ziko. Munganga wa nyama anatumia sana meloksikamu, miligramu 0,2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0,1. Lakini usikimbie ku famasi kutafuta ile ya watu: kinini yake ya miligramu 15, kwa imbwa ya kilo 15, ni mara kumi ya kipimo cha kila siku. Na ata ile munganga amekupatia, ipatie pamoja na chakula. Ukiona imbwa inatapika, inakataa kula, inaharisha ao mavi ni nyeusi, simamisha dawa siku ileile na umuite. Usingoje kesho sawa vile miye nilisema.

Munganga atakuuliza kilo. Panda ku mizani ya koperative na imbwa mu mikono, kisha panda peke yako, utoe hesabu.

Kama imbwa imemeza vinini vya watu, usiinyweshe chumvi ili itapike, chumvi yenyewe ni sumu. Makala ya jikoni pia haisaidie, haina nguvu ya ile ya munganga. Ita simu, na ubakishe karatasi ya dawa juu aone jina na miligramu.

Kama imbwa imegongwa, ifunge fasi ya kivuli, maji karibu, iache muguu upumuzike. Kitambaa cha maji ya baridi kinasaidia uvimbe. Lakini kama inatoa mate mingi, inashindwa kumeza, ao imebadilika tabia, hapana kutia mukono mu kinywa yake kwa sababu ya dawa yoyote: ile inaweza kuwa ugonjwa wa imbwa wazimu.