Nani anamlipa anayepima damu ya mtoto wako?

Jumapili iliyopita, tulipotoka ibadani, mama mmoja wa kikundi chetu alinishika mkono. "Mwalimu, binti yangu amepata diploma yake ya serikali. Anataka kwenda ISTM kusoma mambo ya labo. Mimi nauza samaki, na mwezi ujao ni zamu yangu ya likelemba. Niweke yote huko? Hiyo kazi inalipa kweli?"

Sikumjibu palepale. Nilimwomba wiki moja ili niulize wanaoifanya. Niliyoyapata yanatuhusu sote, hata yule asiye na binti wa kusomesha.

Kwanza, kazi yenyewe. Mtoto akiwaka homa, laborantini ndiye anayemchoma kidole, anaweka tone la damu juu ya kioo, analitia rangi na kulitazama kwa mikroskopi akitafuta vidudu vya malaria. Akikosea, mtoto anapewa dawa isiyo yake. Kolera ikitokea Kalundu au Mulongwe, yeye ndiye anayeshika choo cha mgonjwa ili ijulikane kama ni kolera kweli. Mwaka 2024, mpox iliyokuwa Kamituga ilipofika hata huku kwetu, vipimo vilipita mikononi mwa watu kama yeye. Sisi hatumwoni sana. Tunaona kikaratasi cha majibu tu.

Pesa yake inatoka katika mifuko mitatu. Wa kwanza ni mshahara wa serikali. Wa pili ni prime ya hatari, nayo ya serikali. Wa tatu ni prime ya hospitali yenyewe, inayotokana na kile wagonjwa wanacholipa. Mwenye namba ya matrikule, na ambaye jina lake limeingizwa kwenye liste ya malipo, anaweza kufikia mifuko yote mitatu. Wapo wanaopata prime ya hatari bila mshahara. Na wapo wengi wanaoitwa NU, yaani "wapya", wanaoishi kwa mfuko wa tatu peke yake. Usidanganywe na hilo neno "mpya": mtu anaweza kuwa mpya kwa miaka mingi.

Maana yake ni kwamba NU analipwa na wewe mama, kwa zile faranga unazotoa pale dirishani. Watu wakikimbia vita au wakikosa pesa, hospitali inabaki na wagonjwa wachache na mfuko unakauka. Kolera ikipanda, matibabu yake mara nyingi ni bure kwa msaada wa mashirika. Hapo kazi inaongezeka, lakini mfuko haujai.

Sisi walimu tunaijua habari hii. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliotubeba kwa prime, mpaka shule ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019. Na hata baada ya hapo, walimu NU walibaki wakingoja. Serikali ikichelewa kulipa, mzigo unashuka kwa mama, na yule anayepokea pesa ya mama ndiye anayeonekana mbaya. Simtetei laborantini anayeomba pesa ya chini ya meza. Ila tujue shida inaanzia wapi.

Na kupanda cheo? Aliyesoma labo kwenye sekondari anaitwa A2. Aliyemaliza miaka mitatu ya ISTM kwa mfumo wa zamani ni A1, na aliyefika lisansi ni A0. Sasa mfumo wa LMD umeingia: lisansi ni miaka mitatu, masta ni miwili zaidi. Sheria ya 2016 juu ya wafanyakazi wa serikali inaangalia diploma katika kumpa mtu cheo cha kuanzia. Lakini diploma mpya haipandishi mtu yenyewe. Lazima apeleke faili, aifuatilie, akubaliwe. Asiye na matrikule hana hata ngazi ya kupanda. Tena kiti cha mkuu wa labo ni kimoja tu katika hospitali nzima.

Kuna jambo lingine, la sauti. Madaktari wa nchi yetu wana Ordre yao tangu 1968, na wauguzi walipata yao kwa sheria ya 2016. Kenya ilitunga sheria ya watu wa labo mwaka 1999, na Tanzania, hapo ng'ambo ya ziwa, mwaka 2007. Kazi yenye baraza lake inajua nani ni nani, na inaweza kusema kwa kinywa kimoja.

Basi nilimjibu yule mama hivi. Kazi ni nzuri, na haitakosekana maadamu watu wanaugua. Lakini usiweke likelemba yote. Lipa mwaka wa kwanza, uache kitu cha biashara, maana baada ya diploma binti anaweza kukaa muda mrefu bila mshahara. Siku atakayopata kazi, aombe barua ya kuajiriwa yenye muhuri, na aulize faili yake ya matrikule inapelekwa na nani. Kila karatasi itolewe kopi, moja ikae kwa ndugu wa mtaa mwingine. Mafuriko ya Aprili 2020 yalibomoa nyumba na kubeba vitu vingi. Diploma yake isiwe katika hivyo siku nyingine.

Na vikundi vyetu vifanye nini? Mambo matatu yako ndani ya uwezo wetu. Tuombe bei za vipimo zibandikwe ukutani, kila mtu azisome. Tudai risiti kila tunapolipa, maana pesa isiyo na risiti haiingii katika mfuko wa wote. Na kila aire ya afya ina CODESA, kamati ya wakaaji. Tupeleke wamama humo, waulize bila ugomvi: labo yetu ina watu wangapi, wangapi wana matrikule, na faili za wengine zimefika wapi?

Yule mama amesema atalipa mwaka wa kwanza. Binti naye ameahidi kumsaidia kuuza samaki siku za Jumamosi.