Je, Wajua? Kumbukumbu ya mwenye usonji
Mwaka 2005, Stephen Wiltshire, mchoraji wa Uingereza mwenye usonji, alizungushwa juu ya jiji la Tokyo kwa helikopta. Kisha akalichora kutoka kichwani, jengo kwa jengo, mchoro wenye urefu wa mita 10, ndani ya siku 7. Kipaji cha namna hiyo ni adimu, hata miongoni mwa wenye usonji. Linaloonekana zaidi ni hili: mtoto anakutajia vituo vyote vya daladala kwa mpangilio, lakini ukimuuliza, “Leo shuleni kulikuwaje?” anakaa kimya. Si jeuri, jamani! Kulikumbuka tukio lake mwenyewe bila kidokezo humwia vigumu. Muulize, “Mlikula wali au ugali?” na mara nyingi jibu utalipata.