Kanda Zisizouzwa

Kila linapozuka suala la wanamuziki na watu wanaonakili kazi zao, mjadala huchukua mkondo mmoja. Anayenakili ni mwizi, anayenakiliwa ni maskini, na serikali imelala. Nimesahihisha insha nyingi za wanafunzi kuhusu mada hii, na aghalabu nikifika aya ya pili huwa nimekwisha kujua ya mwisho itasema nini. Si kwamba wanafunzi hao wanasema uongo. Atakayekwenda River Road, jijini Nairobi, akawauliza wanamuziki wa miaka ya themanini na tisini jinsi kaseti bandia zilivyowamaliza, atasimuliwa mengi ya kusikitisha. Hata hivyo, hoja inayosemwa na kila mtu kwa maneno yale yale yafaa itafutiwe kisa kinachoipinga, walau tuone kama itasimama.

Kisa nilicho nacho ni cha Marekani, nacho kinahusu bendi ya roki iitwayo Grateful Dead. Bendi hiyo iliundwa mwaka 1965 katika jimbo la California, karibu na jiji la San Francisco, ikapiga muziki kwa miaka thelathini, hadi mpiga gitaa wake mashuhuri, Jerry Garcia, alipofariki Agosti 9, 1995. Katika muda huo ilipanda jukwaani takriban mara 2,300. Sokoni, kwa upande wa santuri, haikutia fora. Wimbo wake mmoja tu, Touch of Grey wa mwaka 1987, ndio uliowahi kuingia miongoni mwa nyimbo kumi bora za Marekani. Ajabu ni kwamba kufikia mwanzoni mwa miaka ya tisini bendi hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizochuma fedha nyingi kabisa kutokana na matamasha nchini humo. Fedha hizo zilipatikana ilhali kila tamasha lilikuwa likirekodiwa na mashabiki wenyewe, mbele ya macho ya bendi, na kanda zake kuzagaa nchi nzima bila bendi kulipwa hata senti moja.

Ni nini kilichowafanya watu wazitamani kanda hizo? Jibu limo katika muziki wenyewe. Grateful Dead hawakuwa na ratiba ya nyimbo iliyopangwa usiku mmoja ikarudiwa usiku wa pili. Wimbo ambao katika santuri ulichukua dakika tano ungeweza kuchukua ishirini jukwaani, ukageuka njiani kuwa wimbo mwingine, kisha ukarudi ulikoanzia au usirudi kamwe. Zipo siku walizopiga vizuri ajabu, na zipo siku walizoboronga. Aliyekuwa amenunua santuri zao zote, kwa hiyo, hakuwa na muziki wao. Muziki wao ulikuwa ule wa usiku fulani, katika ukumbi fulani, na ulipokwisha ulikuwa umekwisha, ila kama kulikuwa na mtu mwenye kinasa sauti.

Mwanzoni watu hao walikuwa wakijificha. Vinasa sauti vya miaka ya sitini vilikuwa vizito, na walinzi wa kumbi walikuwa wakali. Mwaka 1971 mashabiki wa New York waliunda chama cha kubadilishana kanda bila malipo, na mwaka 1974 likazaliwa miongoni mwao jarida dogo la wakusanya kanda ambalo baadaye lilijulikana kama Relix. Kaseti ziliporahisisha mambo, idadi ya wenye vinasa sauti ikapanda kiasi kwamba maikrofoni zao, zilizofungwa juu ya nguzo ndefu, zilisimama ukumbini kama msitu. Wengi wao walipenda kukaa mbele ya meza ya fundi wa sauti, maana hapo ndipo muziki ulipovuma sawasawa, na fundi mwenyewe akawa haoni jukwaa. Bendi ingeweza kuwafukuza. Badala yake, Oktoba 1984, ikawatengea eneo lao maalumu nyuma ya meza hiyo na kuwauzia tiketi za kuketi hapo.

Naomba msomaji asikipite haraka kitendo hicho. Si jambo la kawaida kwa mwanamuziki mwenye kipato cha kutegemea kusimama hadharani akasema, chukueni, mradi msiuze. Tena Garcia alikuwa na fikira yake kuhusu jambo hili: noti ikishaondoka kwenye gitaa, yeye amemalizana nayo, na atakayeitaka aichukue. Baadhi yetu tutasema hiyo ni jeuri ya mtu aliyeshiba. Labda. Lakini msimamo huo ulianza bendi ikiwa bado na madeni.

Sharti la kutouza ndilo lililozaa jamii nzima yenye mila zake. Mgeni asiyekuwa na kanda hata moja hakuambiwa alete pesa. Alituma kaseti tupu pamoja na stempu za kurudishia, naye mwenye hazina akamnakilia. Siku ya pili mgeni huyo alitarajiwa amtendee hivyo hivyo mgeni mwingine. Walikuwa pia na utaratibu walioupa jina la mti. Mmoja mwenye kanda safi alikuwa shina. Aliwanakilia watu watano, kila mmoja wa hao akawanakilia watano wengine, na hao nao vivyo hivyo. Mwalimu wa hesabu atatwambia kwamba kwa hatua tatu tu watu 155 wamekwisha kupata nakala, na hakuna aliyechoka kwa kazi.

Kwa nini mti, si mnyororo? Kwa sababu kaseti ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wenye kushika sumaku, na utepe huo una mvumo wake wenyewe. Ukinakili kanda, unanakili muziki pamoja na mvumo, kisha utepe mpya unaongeza wa kwake. Nakala ya nakala ya nakala husikika kama bendi inayopiga nyuma ya mvua. Mashine nazo hazizunguki kwa kasi moja, hivyo wimbo huweza kupanda au kushuka sauti kidogo kila unapohama. Wakusanyaji walihesabu vizazi vya kanda jinsi wazee wetu wanavyohesabu nasaba: hii ni mama, hii ni mtoto wake, hii ni kitukuu. Kanda ya kizazi cha pili ilitafutwa kama dhahabu.

Fauka ya hayo palikuwa na kero ya kugeuza upande. Kaseti ya dakika 90 huchukua dakika 45 kila upande, nayo bendi ilipiga kwa muda wa saa tatu hivi. Mwenye kinasa sauti alilazimika kubashiri: ageuze sasa, kati ya wimbo huu na ujao, angali na dakika nane za utepe, au asubiri na kuhatarisha kuukata wimbo katikati? Hakuweza kucheza wala kuzungumza na jirani, maana kila neno lingeingia katika maikrofoni. Alilipa tiketi ili afanye kazi usiku kucha kwa ajili ya watu ambao hangewaona maishani.

Bendi yenyewe ilikuwa na kanda zake, zilizorekodiwa moja kwa moja kutoka meza ya fundi. Nyingi za zile bora ni kazi ya Betty Cantor-Jackson, mwanamke mwenye sikio la pekee katika kazi iliyotawaliwa na wanaume. Mwaka 1986 mamia ya kanda alizozihifadhi katika ghala la kukodi yalipigwa mnada kwa sababu kodi ya ghala haikulipwa. Waliozinunua walikuwa watu mbalimbali. Mashabiki ndio waliozitafuta, wakazitengeneza na kuzinakili, zikaingia katika mkondo wa kubadilishana. Miongoni mwa kanda za Betty zilizopata umaarufu kwa njia hiyo mna ya Mei 8, 1977, siku bendi ilipopiga katika ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca. Tamasha hilo liliingizwa katika orodha ya taifa ya sauti za kuhifadhiwa, inayosimamiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, katika uteuzi wa mwaka 2011. Bendi haikulitoa rasmi hadi 2017. Kwa maneno mengine, taifa liliikubali kanda hiyo kuwa urithi wake wakati ambapo hakuna duka lolote lililokuwa likiiuza kihalali.

Mhifadhi wa kanda za bendi pia alitoka miongoni mwa mashabiki. Dick Latvala alikuwa shabiki mkusanyaji kabla ya kukabidhiwa ghala la bendi mnamo 1985. Mwaka 1993 akaanza kuteua matamasha ya zamani na kuyatoa kwa mfululizo uliobeba jina lake, Dick's Picks, uliofikia matoleo 36. Watu waliinunua mikusanyo hiyo ijapokuwa wengi wao walikuwa na kaseti za matamasha yale yale. (Kwa wapenzi wa udi: upo mkusanyo rasmi wa 2008 wa matamasha ya Septemba 1978 kando ya mapiramidi ya Giza, Misri, ambako bendi ilishirikiana na Hamza El Din, bingwa wa udi kutoka Nubia. Utafuteni.)

Sasa turudi River Road. Je, kisa hiki kinamhalalishia mchuuzi wa kaseti bandia? Nasema hapana, na nasema hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, Grateful Dead waliishi kwa tiketi. Mwanamuziki wetu wa benga au wa taarabu aliyetegemea kaseti iliyouzwa dukani alinyang'anywa shilingi ile ile aliyokuwa akila. Pili, na hili ndilo kubwa, walioombwa walikubali. Tangu 1994 sheria ya Marekani inakataza kunasa onyesho la mwanamuziki bila idhini yake, na si wote walio radhi. Robert Fripp wa King Crimson alipinga jambo hilo kwa ukali miaka yote. Peter Grant, meneja wa Led Zeppelin, alikuwa akivunja vinasa sauti kwa mikono yake. Huko Vancouver, Kanada, mwaka 1971, alivunja chombo alichodhani ni cha maharamia, kumbe kilikuwa cha watu wa jiji waliokuja kupima kelele. Pamoja na vitisho hivyo, yupo shabiki wa California aliyerekodi matamasha ya Led Zeppelin akiwa ameketi katika kiti cha magurudumu, mashine ikiwa imefichwa ndani yake, ilhali miguu yake ilikuwa mizima. Kanda zake zinasifiwa sana. Mimi nazisifu kwa sauti ya chini, kwa maana mwenye muziki hakuulizwa.

Metallica walilipambanua jambo hili vizuri kuliko mawakili. Katika miaka ya tisini waliwatengea wenye vinasa sauti nafasi katika matamasha yao. Mwaka 2000 bendi hiyo hiyo iliishtaki kampuni ya Napster kwa sababu ya nyimbo zao za studio zilizokuwa zikisambazwa kwenye intaneti. Wapo waliowaita wanafiki. Mimi sioni unafiki wowote hapo. Mtu anaweza kukugawia maembe ya shambani mwake na bado akakufunga ukimvunjia ghala.

Hata Grateful Dead waliosalia walifika mahali pa kugombana na mashabiki wao. Mnamo Novemba 2005 maelfu ya kanda zao, zilizowekwa kwenye hazina ya Internet Archive ili kila mtu azichukue bure, ziliondolewa ghafla. Mashabiki walikuja juu, wakatishia kususia bidhaa za bendi, na hata mmoja wa wanabendi, Phil Lesh, akaeleza hadharani kwamba hakupendezwa. Baada ya siku chache zile zilizorekodiwa na mashabiki wenyewe zilirudishwa. Za meza ya fundi zikaruhusiwa kusikilizwa tu, si kuchukuliwa. Naona mgawo huo ulikuwa wa haki, ingawa ulipatikana kwa kelele.

Lakini kinachonivuta mimi, kama mwalimu wa fasihi, si sheria. Tunawafundisha wanafunzi kwamba fasihi simulizi huzaliwa upya kila inapotendwa, kwamba fanani huibadilisha kutegemea hadhira, wakati na mahali. Kisha tunawapa ngano moja iliyochapwa kitabuni, nao wanaikariri kana kwamba ndiyo pekee iliyopo. Wale mashabiki wa Marekani, bila kusoma nadharia yoyote, waliifahamu kanuni hiyo kwa undani. Walisikiliza wimbo mmoja katika matamasha hamsini wakibishana ni wapi mpiga gitaa alipopinda na kwa nini. Kuanzia 1987 kilitoka kitabu, DeadBase, kilichoorodhesha nyimbo zilizopigwa katika kila tamasha, tarehe kwa tarehe. Hiyo ni kazi ya nyanjani iliyofanywa na watu wasiolipwa wala kutahiniwa.

Wanafunzi wetu hutakiwa nao kukusanya fasihi simulizi. Wengi huenda kwa bibi na simu ya kurekodi, wakarudi na dakika nne za ngano zisizo na jina la bibi, wala tarehe, wala kijiji. Mashabiki niliowataja wangeikataa kanda kama hiyo hata wakipewa bure. Juu ya kasha la kaseti waliandika kwa herufi ndogo: siku, mji, ukumbi, aina ya maikrofoni na umbali wake kutoka jukwaani, kizazi cha nakala, na wimbo gani ulikatika utepe ulipogeuzwa. Muhula ujao nitawataka wanafunzi wangu waandike hivyo hivyo kabla sijasikiliza hata neno moja: bibi ni nani, amekubali kurekodiwa au hakukubali, alikuwa akiwasimulia akina nani, na ni wapi aliposita ili ageuze mahindi motoni.