Vijana wanaoitwa 'Mzee': Miaka miwili ya mmisionari wa Mormoni Afrika Mashariki

ANAYESAFIRI kwa barabara kutoka Dar es Salaam kwenda Rwanda, akishapita Kahama na Nyakanazi, hufika Lusahunga, wilayani Biharamulo mkoani Kagera. Hapo barabara hugawanyika: moja huelekea Biharamulo na Bukoba, nyingine huendelea hadi Ngara na mpaka wa Rusumo, umbali wa takriban kilometa 90.

Ni ukanda uliozoea kupokea wageni. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 tu, na mashirika ya misaada na ya dini yaliwafuata kambini.

Ukanda huo umezoea pia wamisionari. Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la White Fathers, walifungua misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Kwa wakazi wengi wa Kagera, neno "mmisionari" bado linaleta picha ya padri mwenye umri mkubwa, aliyejifunza lugha ya wenyeji, akajenga shule na zahanati, na pengine akazikwa papo hapo.

Katika miji mikubwa ya Tanzania, hata hivyo, kuna mmisionari wa aina nyingine. Ni kijana mwenye umri wa miaka 18, 19 au 20. Amevaa shati jeupe na tai, na kifuani ana kibao cheusi chenye jina lake la ukoo na jina la kanisa lake. Hatembei peke yake hata siku moja. Baada ya miaka miwili ataondoka, na nafasi yake itachukuliwa na mwingine kama yeye.

Huyo ni mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulifahamu kama kanisa la Wamormoni. Tangu mwaka 2018 viongozi wake wamekuwa wakiomba jina hilo la mkato lisitumike, ingawa mitaani halijatoweka.

Mzee asiye na mvi

Jambo la kwanza linalomshangaza Mtanzania ni jinsi kijana huyo anavyoitwa. Katika machapisho ya Kiswahili ya kanisa hilo, cheo chake ni "Mzee". Mmisionari wa kike huitwa "Dada".

Kwa Mswahili, mzee ni mtu aliyeishi, akaona mengi na kustahili kuamkiwa. Kumwita hivyo kijana ambaye ndevu hazijamwota huleta kicheko, na pengine mashaka. Ufafanuzi ni kwamba neno hilo halihusu umri. Ni daraja la ukuhani, ambalo katika kanisa hilo hupewa wanaume wa kawaida, wakiwamo vijana, bila kupitia seminari wala chuo cha theolojia.

Kanisa hilo lilianzishwa na Joseph Smith katika Jimbo la New York, Marekani, mwaka 1830. Makao yake makuu yako Salt Lake City, katika Jimbo la Utah. Mbali na Biblia, waumini wake hutumia Kitabu cha Mormoni, ambacho kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 2000. Kitabu hicho, pamoja na mafundisho yake kuhusu Mungu yanayotofautiana na fundisho la Utatu, ndivyo vinavyoyafanya makanisa mengi ya Kikristo kutokubali kulihesabu kuwa mojawapo yao. Wenyewe wanasisitiza kuwa ni Wakristo.

Nchini Tanzania kanisa hilo lilitambuliwa rasmi mwaka 1992. Kwa miaka mingi wamisionari wake waliokuwapo nchini waliongozwa kutoka Nairobi, hadi mwaka 2020 ilipoanzishwa misheni yenye makao yake Dar es Salaam.

Siku inavyopangwa

Kijana hachagui anakokwenda. Hujaza maombi, hupimwa afya, huhojiwa na viongozi wake wa mahali, kisha husubiri barua kutoka makao makuu. Barua hiyo inaweza kumpeleka nchi jirani au bara jingine. Wavulana hutumikia kwa miezi 24 na wasichana kwa miezi 18. Oktoba 2012 umri wa kuanza kwa wavulana ulishushwa kutoka miaka 19 hadi 18, na ule wa wasichana nao ukashushwa, hatua iliyoongeza idadi ya waombaji kwa haraka. Mwishoni mwa mwaka 2024 kanisa hilo lilikuwa na wamisionari zaidi ya 70,000 duniani.

Kabla ya kupelekwa kituoni, hupitia mafunzo ya wiki chache. Wanaohitaji kujifunza lugha mpya hukaa muda mrefu zaidi. Kwa Waafrika, kituo kimojawapo kinachojulikana ni kile cha Accra, nchini Ghana.

Utaratibu wa siku uliozoeleka ni mkali. Kuamka ni saa 12:30 asubuhi, kisha mazoezi ya viungo, kuoga na kifungua kinywa. Hufuata masomo: kwanza kila mmoja peke yake, kisha pamoja na mwenzake. Wenye kujifunza lugha huongeza muda wa Kiswahili. Kufikia saa 4 asubuhi huwa wako barabarani. Hurejea saa 3 usiku, hupanga kazi ya kesho, na saa 4:30 usiku taa huzimwa. Mwaka 2017 utaratibu huo ulilegezwa kiasi ili uendane na mazingira ya kila nchi.

Kazi yenyewe ni kutembea. Hupiga hodi wanakoelekezwa na waumini, huzungumza na watu njiani, hufundisha katika nyumba za watu, hutembelea wagonjwa na waumini walioacha kuja ibadani. Kila wiki hutenga saa za kusaidia jamii bila malipo. Siku moja ya juma, ambayo kwa kawaida ni Jumatatu, huitwa siku ya matayarisho: ni siku ya kufua, kwenda sokoni, kusafisha nyumba na kuwaandikia wazazi.

Kanuni inayobeba nyingine zote ni ile ya kuwa wawili. Mmisionari hukaa, hula na kutembea na mwenzake muda wote. Hakuchagua mwenzake, na anaweza kubadilishiwa katika uhamisho unaofanyika kila baada ya takriban wiki sita. Hivyo Mkenya anaweza kujikuta chumba kimoja na Mmarekani, au Mganda na Mkongo. Uchumba hauruhusiwi katika kipindi hicho, na burudani kama filamu na televisheni huwekwa kando.

Mawasiliano na nyumbani nayo yalikuwa haba. Kwa miaka mingi mmisionari aliruhusiwa kupiga simu mara mbili tu kwa mwaka: Krismasi na Siku ya Mama. Februari 2019 kanuni hiyo ilibadilishwa, na sasa anaweza kuzungumza na familia yake kila wiki.

Mtihani wa kikombe cha chai

Katika Afrika Mashariki, mtihani wa kila siku huanzia kwenye ukarimu. Waumini wa kanisa hilo hawanywi pombe, hawavuti tumbaku, na hawanywi kahawa wala chai ya majani.

Tuchukue mfano wa Kagera. Huko mgeni anayeheshimiwa hukaribishwa kwa punje za kahawa za kutafuna. Kwenye sherehe hutolewa rubisi, pombe ya ndizi. Na katika nyumba yoyote ya Kitanzania, kuanzia Lusahunga hadi Kariakoo, hodi ikishaitikiwa chai huwekwa jikoni kabla mgeni hajaeleza kilichomleta.

Kuikataa chai ya mama mwenye nyumba ni jambo zito. Mmisionari hulazimika kujifunza mapema namna ya kukataa bila kuvunja heshima: ashukuru kwanza, aeleze kuwa ni mwiko wa dini yake, kisha aombe maji au uji. Kijana aliyekulia katika nyumba ya Kiafrika hutambua haraka uzito wa tendo hilo kuliko yule aliyetoka ng'ambo. Hapo ndipo kuwa wawili kunaposaidia, kwani mmoja humfundisha mwenzake yale ambayo hayamo katika kitabu cha kanuni.

Mmarekani hutakiwa kukumbuka shikamoo kabla ya neno jingine lolote. Akisahau, cheo chake cha "Mzee" huzidi kuonekana kichekesho.

Nani hulipa?

Mmisionari halipwi mshahara. Kinyume chake, yeye na familia yake ndio hutakiwa kuchangia. Kwa wanaotoka Marekani, mchango wa mwezi ulipandishwa kutoka dola 400 hadi dola 500 kuanzia Julai 2020. Kwa wanaotoka katika nchi zenye kipato cha chini, familia huchangia kadiri ya uwezo na pengo huzibwa na mfuko wa jumla wa kanisa.

Hata hivyo, gharama kubwa kwa familia ya Afrika Mashariki haionekani kwenye risiti. Kijana wa miaka 19 katika mji wa njia panda kama Lusahunga ni nguvu kazi. Ndiye anayelima, anayepakia mizigo, anayeendesha bodaboda au anayesubiri majibu ya chuo. Kumtoa kwa miaka miwili ni kuondoa mkono mmoja shambani na kuahirisha ada, kazi na ndoa.

Watanzania wana kitu cha kulinganisha nacho: Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, ambako vijana wamekuwa wakipelekwa kujifunza nidhamu, kazi na kuishi na watu wa makabila mengine. Tofauti ni kwamba JKT humrejesha kijana akiwa amelitumikia taifa zima, wakati mmisionari hutumikia imani ambayo pengine majirani zake hawaifahamu. Mwaka 2001 kanisa hilo lilianzisha mfuko wa mikopo ya elimu kwa vijana wa nchi zinazoendelea, baada ya kubaini kuwa wengi hurudi kutoka misheni na kukuta umaskini ule ule waliouacha.

Liko pia suala la aibu. Mwenye kurudi kabla ya muda, iwe kwa ugonjwa, msongo wa mawazo au kwa kushindwa tu, huweza kutazamwa kwa jicho baya na jamii yake ya kidini. Mzazi anayemruhusu mwanawe kwenda anapaswa kuwa tayari kumpokea vilevile akirudi mapema.

Mlango uliofungwa hadi 1978

Kuna historia ambayo Mwafrika anayekaribishwa katika utumishi huu ana haki ya kuifahamu. Hadi Juni 1978, wanaume weusi wenye asili ya Afrika hawakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hilo. Bila ukuhani, kijana mweusi hakuweza kuitwa "Mzee" wala kutumwa.

Katazo hilo liliondolewa mwaka huo. Desemba 2013 kanisa lilichapisha maelezo yaliyokana nadharia zilizotumika zamani kuhalalisha ubaguzi huo, ikiwamo ile ya kwamba ngozi nyeusi ni alama ya laana. Wakosoaji wanaona hatua hiyo ilichelewa mno.

Leo hali ni tofauti sana. Machi 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipoenea, wamisionari wa kigeni waliondolewa katika nchi nyingi za Afrika, na waliobaki kuendeleza kazi walikuwa vijana wa Kiafrika. Mei 2025 kanisa hilo liliweka wakfu hekalu lake la kwanza nchini Kenya, mjini Nairobi.

Kwa mwenye nyumba anayesikia hodi, yote haya hayamlazimishi kufungua mlango wala kukubali mahubiri. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda uhuru wa kila mtu kuamini, kubadili dini au kutobadili. Anaweza kukataa kwa adabu, na vijana hao wamefunzwa kushukuru na kuondoka.

Akiwakaribisha, ni vyema ajue kuwa walio mbele yake si mapadri wala wachungaji waliosomea kazi hiyo. Ni watoto wa watu, walioamka saa 12:30 asubuhi, wenye kiu baada ya kutwa nzima juani, na ambao wazazi wao wanahesabu miezi iliyobaki. Maji ya kunywa yatawatosha.