KUKAZA RESORI SI KUIBADILISHA



Nyote mnajua pikipiki ya masomo. Njo inaleta unga wa wanafunzi wanaolala hapa, njo inapeleka mgonjwa kwa hospitali usiku. Mnajua pia kwamba muhula uliopita ilianguka kwenye mtelemko, na papa anayeiendesha akavunjika mfupa wa bega. Wengi walisema freni ilikatika. Wengine walisema ile kona iko na mambo yake. Sisi tunaoandika, kapita wa masomo mwaka huu, pamoja na wenzetu wa darasa la mwisho, tunajua ukweli, na ni vema tuuseme hapa: kosa lilikuwa letu.

Habari iko hivi. Kwa muda mrefu, kila papa alipokamata freni ya mbele, furshe (ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele) ilizama yote na kupiga chini: tok! Tulikusanya franga ili tununue resori mpya. Lakini fundi mmoja alituambia: «Batoto, musipoteze franga. Mutie kipande cha tiyo juu ya kila resori, itakuwa ngumu.» Tukajibu: «Aksanti, papa fundi.» Tukakata vipande viwili vya tiyo ya maji, kila kimoja milimita 22, tukatia. Tulipofinya gidoni kwa mikono, kweli ilikuwa ngumu. Tukafurahi. Nyuma ya juma mbili, papa alikuwa anarudi bila mzigo, gurudumu la mbele likarukaruka juu ya mawe, akakamata freni, akaanguka.

Ulizo letu lilikuwa moja: tuliifanya ngumu, sasa juu ya nini ilianguka? Mwalimu wa fizike hakutupa jibu. Alitupa kilo ya soko, rula na daftari. Haya njo tuliyojifunza.

1. Kazi ya resori ni gani?

Resori inabeba uzito wa mbele, na inaacha gurudumu lipande na kushuka bila pikipiki yote kupanda na kushuka. Angalieni neno «kushuka». Wengi tunafikiri furshe ni ya kupiga jiwe tu. Lakini nyuma ya jiwe kuko shimo, na gurudumu linapaswa kushuka ndani ya shimo ili liendelee kugusa udongo. Gurudumu lisilogusa udongo haliongozwi na freni yake haisaidii kitu.

Kwa hiyo, pikipiki ikisimama na mwendeshaji wake, furshe inapaswa kuwa imeshuka kidogo tayari, ili ibaki na nafasi ya kupanda na nafasi ya kushuka. Mafundi wengi wanapenda ishuke kati ya robo na sehemu moja ya tatu ya mwendo wake wote. Furshe yetu iko na mwendo wa milimita 120. Basi ni kati ya 30 na 40.

2. Ugumu ni kitu kimoja, mkazo wa kwanza ni kingine

Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke aliandika kanuni ambayo tunaisoma hata leo: resori inasukuma kwa kadiri inavyofinywa. Ukiifinya mara mbili zaidi, inasukuma mara mbili zaidi. Nguvu inayotakiwa kwa kila milimita njo tunaita ugumu. Resori zetu za zamani zilikuwa na ugumu wa niutoni 4,5 kwa milimita. Maana yake: milimita 10 ni niutoni 45, milimita 100 ni niutoni 450.

Resori ikiwa ndani ya furshe, kifuniko kinaifinya hata mbele ya pikipiki kubeba kitu. Huo ni mkazo wa kwanza. Kwetu ulikuwa milimita 20. Tiyo yetu iliufanya kuwa 42. Lakini ugumu ulibaki 4,5 kama zamani! Tiyo haibadilishi chuma. Inafanya tu resori ianze kazi ikiwa imefinywa zaidi.

3. Hesabu ya pikipiki yetu

Tulipandisha gurudumu la mbele juu ya kilo, la nyuma juu ya mbao za urefu uleule. Pikipiki tupu: kilo 50 mbele. Ikiwa na papa na mfuko wa unga: kilo 85. Tukatoa kilo 15, kwa sababu gurudumu, freni na mikono ya chini havibebwi na resori. Basi resori mbili zinabeba kilo 35 pikipiki ikiwa tupu, na kilo 70 ikiwa na mzigo. Kwa kila resori ni niutoni 172 na niutoni 345, karibu. (Tumeacha mwinamo wa furshe ili hesabu isiwe ndefu.)

Resori ya zamani bila tiyo: na mzigo, 345 gawanya kwa 4,5 ni milimita 77. Toa mkazo 20, furshe imeshuka 57. Hiyo ni karibu nusu ya mwendo wote mbele ya kukamata freni. Njo maana ilipiga tok!

Resori ya zamani na tiyo: na mzigo inashuka 35. Vizuri sana, si hivyo? Sisi pia tulidanganyika hapo. Sasa angalieni pikipiki tupu. Mkazo wa milimita 42 unasukuma niutoni 189, na uzito ni 172 tu. Uzito hauwezi kuifinya resori hata kidogo! Furshe imenyooka mpaka mwisho, haina nafasi ya kushuka ndani ya shimo. Kila shimo, gurudumu linaning'inia hewani. Papa alikamata freni wakati gurudumu halikugusa udongo sawasawa. Tiyo yetu njo ilimwangusha.

Na kuko jambo la pili. Furshe ikizama mpaka mwisho, resori ya zamani bila tiyo inasukuma niutoni 630. Na tiyo, 729. Faida ni ndogo. Resori ya ugumu 6,3, kwa mkazo uleule wa kwanza wa milimita 20, inasukuma 882. Tena na mzigo inashuka 35, na ikiwa tupu inashuka 7. Ile 7 ni kidogo, lakini iko, na pikipiki yetu inatembea mara nyingi na mzigo. Mtu anayetembea peke yake siku zote asichague yetu: itampiga mikono bure. Achague ya ugumu mdogo kuliko hii.

4. Kuchagua sokoni

Muuzaji hajui niutoni. Anasema tu «hii nguvu, hii laini». Basi mjue njia mbili.

Ya kwanza ni kupima unene wa waya. Ugumu unafuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne, kwa hiyo tofauti ndogo ni kubwa. Resori yetu ya zamani ilikuwa na waya wa milimita 4. Ile mpya iko na 4,3. Upana wa nje ni uleule milimita 25, na mizunguko inayofanya kazi ni ileile 61. Kwa macho hamwezi kuzitofautisha. Lakini ugumu umepanda kutoka 4,5 mpaka 6,3, karibu 40 kwa mia, juu ya sehemu tatu za kumi za milimita! Msiende sokoni bila chombo cha kupimia.

Ya pili ni ya kilo. Tia fimbo laini ndani ya resori ili isipinde, isimamishe juu ya kilo, ifinye milimita 50. Ile ya zamani ilionyesha karibu kilo 23, mpya karibu kilo 32. Ukifinya tena milimita 50 na nguvu inayoongezeka ni kubwa kuliko ile ya kwanza, basi ni resori ya mizunguko iliyokaribiana upande mmoja: inaanza laini, inaishia ngumu. Si mbaya, lakini hesabu yake si nyepesi kama hii.

Wenzetu wengine waliuliza: «Kwa nini tusikate ile ya zamani? Resori fupi ni ngumu.» Ni kweli, resori iliyokatwa inakuwa ngumu. Ili kufika 6,3 tungebakiza mizunguko 44 na kujaza nafasi kwa tiyo. Lakini mizunguko 44 ya waya wa milimita 4 inagusana yote mbele ya kufika milimita 140 tunazohitaji: mwendo 120 pamoja na mkazo 20. Resori ingekuwa chuma kimoja mbele ya furshe kufika mwisho. Na mtu asikate kamwe kwa moto: moto unaharibu ugumu wa chuma pale ulipopita.

5. Siku ya kufungua

Legezeni kwanza vifungo vya juu vinavyobana mikono, kisha inueni gurudumu la mbele mpaka liache udongo. Kifuniko kinasukumwa na resori. Msiweke uso juu yake, kinaweza kuruka. Badilisheni resori zote mbili pamoja. Kama mpya ni ndefu kuliko ya zamani, kama yetu iliyozidi milimita 10, fupisheni bomba la juu kwa kadiri ileile ili mkazo usibadilike.

Tieni mafuta mapya ya furshe, na kimo chake kiwe sawa mikono yote miwili. Kinapimwa resori ikiwa nje na furshe imefinywa yote. Mafuta yakizidi, hewa inabaki kidogo na mipira ya kuzuia mafuta inaweza kutoboka. Resori ngumu inarudi juu kwa nguvu zaidi. Kama mbele inaruka nyuma ya jiwe, jaribuni mafuta mazito kidogo. Mwishowe pimeni tena. Fungeni kamba nyembamba juu ya mkono wa furshe, mwendeshaji apande na mzigo, ashuke pole pole, muone kamba imefika wapi.

Papa amepona na anaendesha tena. Tulimwendea tukamwambia habari ya tiyo, kwa kuwa yeye alidhani mikono yake imezeeka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Sawa, watoto wangu. Lakini siku nyingine, mupime mbele ya kutia.»

Zile tiyo mbili zimetundikwa kwa msumari ndani ya garaji, na karatasi ya hesabu iko pembeni yake. Sisi tutaondoka nyuma ya mtihani wa Serikali. Ninyi mtakaobaki, resori hizi pia zitafupika siku moja. Msikilize fundi, lakini kilo ya soko iko pale pale: mupime.