Linux Imewaka na Ukurasa wa Picha Ambao Hukuuomba? Fanya Hivi

Jana kompyuta yako ya Linux iliwaka na skrini nyeusi: unaandika jina, unaandika paswedi, kazi inaendelea. Leo umeiwasha, inakuletea ukurasa wenye rangi, saa na kitufe cha kubofya. Wengi wazo la kwanza huwa ni moja: nimedukuliwa! Tulia kwanza. Mara nyingi ni programu uliyoiweka wewe au mwenzako, ikaja na wenzake.

Kwa nini inatokea?

Debian, Ubuntu, Fedora na ndugu zao wengi hutumia systemd kuwasha mfumo. Systemd hupewa shabaha, yaani hali ambayo kompyuta inatakiwa ifikie ikimaliza kuwaka. Mbili ndizo za kujua: multi-user.target ni maandishi tu, na graphical.target ni picha.

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Debian na Ubuntu, hata Ubuntu ya seva, kwa kawaida huwa kwenye graphical.target tangu siku ya kwanza. Ulikuwa unaona maandishi kwa sababu tu hapakuwa na programu ya kuonyesha ukurasa wa kuingilia, kama GDM, LightDM au SDDM. Ukiweka kifurushi kinachoitegemea au kuipendekeza mojawapo, apt inaileta pia. Ukiwasha tena, ndiyo hiyo unaiona.

Kuna ubaya gani?

Kwenye laptopu ya nyumbani, hakuna. Kwenye seva ndogo ya ofisi au shule, upo. Ukurasa huo unakula RAM ambayo mashine ya zamani inaihitaji. Kubwa zaidi, GDM inaweza kuilaza kompyuta isipoguswa kwa muda, hata ikiwa kwenye umeme. Watu wanatafuta mafaili yao, kumbe seva imelala na haijibu mtu.

Tafuta chanzo

Bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate skrini ya maandishi, ingia, kisha andika:

systemctl get-default

systemctl status display-manager

Amri ya kwanza inakuonyesha shabaha. Ya pili inakutajia programu inayoleta ukurasa huo. Kujua iliingia lini, kwenye Debian na Ubuntu soma faili hili:

less /var/log/apt/history.log

Humo kuna tarehe, amri iliyotumika na vifurushi vyote vilivyoletwa nayo. Kwenye Fedora tumia dnf history. Ukikuta kifurushi ambacho hakuna mtu kwenu anayekijua, hapo sasa una sababu ya kuchunguza zaidi.

Rudisha maandishi

sudo systemctl set-default multi-user.target

Washa upya kompyuta, basi. Hujafuta kitu chochote. Siku ukitaka picha tena, rudia amri hiyo ukiweka graphical.target mwishoni.

Hutaki kuwasha upya? Tumia sudo systemctl isolate multi-user.target. Lakini angalia: kama kuna mtu anafanya kazi upande wa picha, programu zake zitafungwa papo hapo. Mwambie ahifadhi kazi yake kwanza.

Ukurasa umeganda na Ctrl+Alt+F3 haifanyi kazi?

Washa upya. Menyu ya GRUB ikitokea, bonyeza e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi moja, kisha ongeza:

systemd.unit=multi-user.target

Bonyeza Ctrl+X. Itawaka kwa maandishi mara hiyo moja tu, kwa hiyo ukishaingia endesha ile amri ya set-default.

Usikimbilie kufuta

Ukiondoa GDM kwa apt remove, inaweza kuondoka na vifurushi vingine vinavyoitegemea. Soma orodha yote kabla ya kubonyeza Y. Kama huielewi, bonyeza N, kwani kubadilisha shabaha kunatosha.

Na ukiweka programu mpya kwenye seva, ongeza --no-install-recommends kwenye amri ya apt install. Itaacha vile vinavyopendekezwa tu na kuleta vya lazima. Hata hivyo pitia orodha, maana ukurasa wa picha unaweza kuwa kwenye hivyo vya lazima pia.