Mpiga solo, kabla ya sauti tazama umeme

Vijana wanaopiga gitaa la solo huniuliza kuhusu amplifaya kuukuu za valvu, vile vioo vinavyowaka ndani kama redio za wazee wetu. Siri yake ni kuwa valvu ikisukumwa hadi ukomo, sauti huvimba, hukwaruza kidogo, na nota ikavutika. Basi usikimbilie ukubwa. Fender Deluxe Reverb ya miaka ya 1960, ya wati 22 hivi, hufika hapo mapema; Twin Reverb ya wati 85 itawafukuza watu ukumbini kwanza.

Lakini nyingi zilizotumika Marekani ni za volti 120, na umeme wetu ni 240. Bila transfoma utaiunguza. Wala usiifungue mwenyewe: kapasita zake hubaki na umeme hata ukishaichomoa, na umeme huo huua. Mpelekee fundi anayezijua.